Sungura wa Siku ya Manyoya

Nyama ya Idwal iliungua siku ambayo haikupaswa kuungua. Tangu mkewe Nesta afariki alikuwa ameunguza vingi, wala hakujali, maana walaji walikuwa wawili tu, yeye na mbwa. Lakini leo ilikuwa siku ya kukata kondoo manyoya. Majirani kumi na wawili walikuwa wamekuja na mashine zao, bila ujira, kama yeye alivyokwenda kwao wiki iliyopita. Malipo ya kazi hiyo kule milimani Wales ni jambo moja tu: mwenye kondoo awalishe watu washibe. Shamba lisilolisha huachwa nje ya zamu za kusaidiana kimyakimya, na mzee mpweke mwenye kondoo mia nne, bila zamu, amekwisha.

Meleri, bintiye, alilijua hilo vizuri. Alikuwa amekuja kutoka jiji la Cardiff kushuhudia kwa macho yake, kwa sababu walikuwa wamewekeana sharti kwenye simu. Baba akiimudu siku hii, abaki shambani. Akishindwa, auze kondoo na kuhamia kijumba kimoja karibu naye, chenye bustani ya kutosha kulaza paka. Tena baba alikataa katakata kusaidiwa, hata jiko lisiguswe.

Kosa lenyewe lilikuwa kosa la mtu wa mlimani. Alfajiri aliiweka miguu miwili ya kondoo kwenye oveni, akapanda na mbwa kuwashusha kondoo, akijua atarudi baada ya saa mbili. Ukungu ukashuka. Kondoo walipoingia zizini zilikuwa zimepita saa tano, na ile nyama hata mbwa aliinusa akaenda zake.

"Baba, nikimbie mjini nikanunue chochote?"

"Kaa hapo hapo."

"Watu kumi na wawili, baba!"

"Najua kuhesabu, mwanangu. Ndiyo kazi yangu." Akafungua kabati. Palikuwa na jibini kubwa la duara, mikate minne, haradali, na chupa za bia alizojifichia mwenyewe. "Nitawapa sungura wa Wales."

Meleri akashika kichwa. Jina hilo la kizamani hakuna aliyelitumia tena. Waingereza walilitunga kuwacheka watu wa Wales: eti hata pesa za kununua sungura hawana, basi huchoma jibini juu ya mkate wakaliita nyama. Babake Idwal alilisikia alipokuwa akitunza farasi kwenye nyumba ya tajiri mmoja, akarudi nalo nyumbani kwa kiburi, na kila Jumamosi akitangaza kwamba sungura wake angalau hana mifupa. Ulikuwa mzaha huko nyuma. Lakini kuwapa wakata manyoya jibini, kwenye shamba la kondoo mia nne, ni kuikubali ile kejeli kwa mdomo wako mwenyewe.

Idwal akaliparuza jibini, akaliyeyusha kwenye sufuria pamoja na bia na haradali, akalimwaga juu ya mkate uliochomwa, akausukuma chini ya moto wa juu wa jiko. Hapo ndipo aibu ilipomshika kweli. Ule moto ulitosha vipande vinne tu vya mkate. Enzi za Nesta watu wote walikaa mezani pamoja, saa nzima na zaidi, mpaka keki iishe.

Akatoka hadi bandani, masikio yamemwiva. "Wanne wanne! Wengine endeleeni!"

"Hee! Tunakula kwa foleni kama hospitali?" akasema Tegid, jirani wa bonde la pili, mtu asiyejua kunong'ona. Aliingia na wenzake watatu, akaitazama sahani. "Na nyama iko wapi, mzee?"

"Hiyo hapo. Sungura."

"Sungura huyu ulimwinda duka gani?" Wakaangua kicheko. Kisha Tegid akauma, akaizungushia sahani mkono wake wote.

Zamu ya tatu aliingia Heulwen, shemasi wa kanisa na mwenye kupanga zamu za manyoya, mama wa miaka sabini na tisa ambaye hajawahi kulamba hata povu la bia. Alikula kipande kimoja, akala cha pili.

"Umetia nini humu, Idwal?"

"Jibini, shemasi."

"Na?"

"Haradali."

"Na?"

Idwal akatazama dari. Heulwen alifuta midomo taratibu. "Basi sikuuliza. Niongezee kingine."

Wakawa wanaingia na kutoka hivyo, wanne mezani, wanane bandani, na mashine hazikuzima hata dakika moja. Saa kumi wingu jeusi likapanda mgongoni mwa mlima. Kondoo aliyelowa hakatwi manyoya, kila mtu alijua, na miaka mingine mvua iliwakuta bado mezani, ikabidi warudi kesho. Safari hii kondoo wa mwisho aliachiwa huru, mweupe na mwenye hasira, ndipo matone yakaanza.

"Nesta, Mungu amrehemu, alitushibisha mpaka tukasinzia," akasema Tegid. "Huyu katushibisha tukamaliza."

Heulwen akatoa kalamu na daftari la zamu. "Mwakani, Jumatano ya tatu ya Juni. Kwa Idwal." Hakumuuliza mtu.

Walipoondoka, Meleri alikaa mezani na mkate wake wa kwanza. Alikula polepole, machozi yakimdondoka waziwazi, wala hakuyaficha.

"Si kama wa mama."

"Mama yako alitia maziwa. Alikuwa mtu wa kanisa."

"Huu ni wako."

"Ni wangu."

Meleri akajipangusa kwa kiganja. "Mwakani nitakuja siku mbili kabla. Mikate yote hii atakukatia nani?"

Idwal akachukua kisu akakata kipande. Akaligeukia jiko akamchomea mwingine.