Kunguru Arobaini wa Bwana Naftali

Jumamosi moja mwaka 1978, kwenye meza yake ya vitambaa sokoni Walthamstow, London, Bi Suad alifungua bahasha ya chama cha washairi. Kila mwaka chama kilimwagiza Jaswant, fundi seremala aliyetoka Nairobi, achonge ubao wa kuchapia kwa mtindo wa Kijapani: picha na shairi kwenye karatasi moja, nakala arobaini za wanachama, haziuzwi. Safari hii shairi lilikuwa la Suad.

Alimtungia kaka yake Haidar, aliyechukuliwa nyumbani Unguja wiki ile ya Mapinduzi, asirudi. Haidar hana kaburi. Kwenye ubeti wa mwisho, pale mtunzi anapojitaja, Suad aliweka majina mawili, lake na la kaka yake. Hilo ndilo lingekuwa kaburi.

Kwenye karatasi, kunguru alikuwa juu ya ukuta, kachorwa vizuri. Chini yake shairi, neno kwa neno, mpaka ubeti wa mwisho: mtunzi ni Naftali. Naftali ndiye mwenyekiti.

Alipanda basi hadi karakana ya Jaswant.

"Dada, mwenyekiti aliileta karatasi yako imekatwa chini, imebandikwa kipande kingine," alisema fundi.

"Na mwandiko wangu uko wapi?"

"Karatasi hugundishwa ubaoni kifudifudi, kisu kinaila yote. Ndiyo kazi yenyewe."

Suad hakuwa na nakala nyingine. Akampigia simu Naftali.

"Shairi ni la chama, Bi Suad. Na huyo Haidar nani anamjua hapa?"

Lo! Mwizi, na bado ana mdomo! Suad alirudi nyumbani akamsimulia kunguru wa kwenye karatasi kisa chote, kama unavyomweleza jirani. "Anakaa Woolwich, juu ya duka la viatu," alimalizia, akafungua dirisha. Kunguru akajikung'uta wino, akatoka.

Kufika Jumatatu wote arobaini walikuwa wameondoka. Wanachama waliulizana kwa simu. Wa Placida, katibu, aliondoka baada ya chakula cha mchana. Walitua dirishani kwa Naftali, wakaita: "Haidar! Haidar!" Naftali akakonda. Akanunua mwavuli kwa ajili ya mavi yao.

Suad alifurahi, tusidanganyane. Kila jioni alinunua utumbo akawapelekea, wasije wakachoka. "Za mwizi arobaini," aliwaambia. "Msimwache hata siku moja."

Mkutano ulipofika, Naftali alisoma shairi ukumbini chini ya mwavuli, kunguru wakiita madirishani kila mstari. Alipigiwa makofi. Placida akaandika kwenye kumbukumbu za mkutano: limesomwa shairi la mwenyekiti, kunguru walikuwepo.

Karatasi ilikuwa imetundikwa mlangoni. Ukuta mtupu, hakuna ndege, na jina la Naftali likionekana vizuri kuliko mwanzo.

"Placida," Suad aliuliza, "hilo jina wanaloliita unajua la nani?"

"La kunguru mmojawapo, nadhani."

Suad akachukua mfuko wake wa utumbo, akatoka nje kuwalisha.