Kufuli ya Bwana Talib

"Imba lolote, Bi Nadra," Bwana Talib aliniambia tulipokuwa tunapanga ngoma uani kwake, Chwaka. "Ila ile ya kisima, hapana. Leo namuoza mwanangu."

"Ile ni ngoma ya harusi tu, bwana."

"Nnajua ni ngoma gani. Na wewe unajua nnachokataza."

Kweli nilijua. Mwezi uliopita aliizungushia mabati njia inayoshuka pwani, akatia geti na kufuli. Wanawake wa mwani wakabaki juu, wanaitazama bahari yao. Kesho ni bamvua, maji yatatoka mbali. Ndiyo siku ya kuvuna. Ikipita, mwani unaozea kambani na kazi ya wiki sita imepotea.

Wimbo wenyewe aliutunga bibi yangu, Mwanakheri, usichanani mwake, kumwimbia mwenye shamba aliyefunga kisima cha watu. Bibi aliitwa, akahojiwa, akakatazwa kuimba. Akanyamaza. Lakini wapigaji waliendelea kuipiga ngoma ile kila harusi, na wachezaji wakayatia maneno wenyewe. Leo jina la mwenye shamba hakuna alikumbukaye. Maneno, hata watoto wanayajua.

Baada ya alasiri mpigaji wetu Mcha alianza kuzigonga ngoma zake mbili ndogo, fidla ikaingia, kidumbak kikakolea. Niliimba nyimbo nne za heri. Kisha ukafika wakati wa baba wa bibi harusi kuitwa katikati acheze. Kwetu wimbo huo huchaguliwa na binti, na baba hakatai: kukataa ni kuitakia ndoa mkosi.

Nikaingia ndani kumuuliza bibi harusi, Ummukulthum.

"Ya kisima," akasema.

"Baba yako kakataza."

"Baba hajawahi kufunga mwani. Mimi ada ya skuli nimelipiwa na mwani wa mama. Imba."

Nikatoka. Sikumtazama Bwana Talib, nilimtazama Mcha. Akaelewa.

*Bahari umeikuta,
kufuli umeileta!*

Bibi aliimba kisima. Mimi niliimba bahari. Ua mzima ukapokea:

*Fungua, twapita siye!*

Bwana Talib alisimama kama mlingoti. Dada yake, Bi Shamshad, akamwendea huku anakata kiuno.

"Cheza, kaka! Mbona miguu mizito? Au nayo umeitia kufuli?"

Watu wakaangua kicheko. Akainua mikono, akatikisa bega moja, akasogea hatua mbili. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Basi! Kesho ntafungua!"

Mcha akalegeza mkono. Nikamkazia macho, naye akarudi kwenye ngoma kwa nguvu zaidi.

"Kesho tu?" nikauliza ndani ya mahadhi yale yale.

"Na keshokutwa?" wakapokea wanawake. "Na bamvua lijalo?"

"Nyinyi mmekuja kucheza au kushtaki?"

"Vyote viwili, kaka," Bi Shamshad akajibu, naye hajaacha kucheza.

Kutoka mlangoni kilipasuka kigelegele kirefu. Alikuwa Ummukulthum, na mtandio wake kichwani. Baba yake akageuka, akamtazama. Kisha akatia mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akamkabidhi dada yake mbele ya watu wote.

"Shika wewe, ukae nao siku zote. Haya, malizeni wimbo wenu."

"Haujesha, bwana," nikamwambia. "Bado ubeti wa mabati."