Kulala Chali Juu ya Mtama

Kwa jambo moja Loisi hakuwa na masihara: mwanamke mwenye mimba kubwa hakulala chali mbele yake. Mkunga huyu wa Mvumi aliwahi kumwinua mke wa jumbe kwa kumfinya sikio. Lala ubavu, alikuwa akisema, na kukicha piga magoti kwenye jiwe usage, tumbo lining'inie, mtoto aelekeze kichwa njiani. Ukijilaza chali, mtoto naye atajilaza anavyotaka. Wanawake walimcheka pembeni, lakini walimtii, na watoto walizaliwa.

Sasa Raheli, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa amelala chali ndani ya tembe, na aliyemlaza hivyo ni Loisi mwenyewe.

Ni vita ya Wazungu iliyomfikisha hapo. Wadachi walikuwa wamechukua ng'ombe, kisha wakamchukua Kefa, mume wa Raheli, kuwabebea mizigo, na tangu aondoke hapakuwa na habari zake. Kilichobaki ni mtama. Wanawake hao wawili waliufukia humo ndani, katika shimo walilolifunika kwa fito na udongo, na ule udongo ulikuwa haujakauka askari wao walipoingia kijijini. Askari walichoma sakafu za watu kwa singe, wakitafuta panapobonyea, palipofukiwa nafaka. Kizee cha nyumba ya pili kilijifanya kinaumwa juu ya shimo lake, wakakiburuta kama gunia. Ila mwanamke aliyekaribia kujifungua walimwogopa. Hata askari ana mama. Ndipo Loisi akatandika ngozi juu ya shimo, akamlaza Raheli. Ngozi nzuri zilishakwenda na ng'ombe. Iliyobaki ilikuwa ya ndama, haikutosha kulifunika shimo lote. Raheli akigeuka ubavu, udongo mbichi ulionekana. Akilala chali na kutandaza nguo yake, haukuonekana.

"Mpaka waondoke tu," Loisi alimwambia. "Leo au kesho."

Hawakuondoka. Walipiga kambi uani wakingoja amri, wakipika vya watu, wakichungulia ndani bila hodi. Kijiji kizima mawe ya kusagia yalinyamaza, maana mlio wa jiwe ungetangaza kwamba nafaka ipo. Raheli aliinuka kwa kuibia tu, akajisaidia, akarudi kujilaza.

Asubuhi moja Loisi alimpapasa tumbo, mkono ukakuta kichwa mahali pasipo pake, ubavuni, upande wa kulia. Akapapasa upande wa pili, akakuta makalio. Mtoto alikuwa amekingama kama komeo la mlango. Loisi aliogopa. Aliwahi kuona uchungu ukimshika mama mwenye mtoto aliyekaa hivyo, na waliwazika wote wawili.

"Vipi, mama?" Raheli aliuliza.

"Anacheza vizuri."

Mchana akaingia Mwamvua, mke wa Shaaban, ombasha aliyewaongoza askari wale. Alikuwa mwanamke wa Kondoa, na kila kambi alimfuata mumewe.

"Shikamoo, mama. Naomba kaa la moto."

"Marahaba. Chukua."

Mwamvua alichukua, lakini macho yake yalibaki kwa Raheli. "Mbona amelala chali? Tumbo limepanukia pembeni. Mgeuze ubavu, mama, huyo mtoto amekaa vibaya."

"Kwetu ndivyo tunavyolala."

"Hata kwenu watoto hutangulia kichwa."

Loisi aliona haya, kisha hasira. Kila neno la yule mwanamke lilikuwa lake Loisi mwenyewe, alilowaambia wanawake wa Mvumi tangu ujana wake. "Moto umepata," alisema. "Nenda."

Jua lilipopinda, uchungu ukamshika Raheli. Loisi akapaka mikono mafuta ya nyonyo, akasukuma kichwa kile taratibu. Kilisogea kidogo, alipoachia kikarudi palepale.

"Inuka," alisema. "Piga magoti, kifua chini, makalio juu."

Raheli akatikisa kichwa. Alikuwa ameuma nguo asilie. "Udongo, mama."

"Achana na udongo!"

"Wataona. Kefa akirudi atakula nini?" Akashika kingo za ngozi kwa mikono miwili. "Ulisema mpaka waondoke."

Na Loisi, Mungu amsamehe, alimsikiliza. Mtama ule ungewafikisha mavunoni. Mtoto mwingine angeweza kupatikana. Aliyawaza hayo yote, mkono ungali juu ya tumbo la mkwewe, kisha mtoto akapiga teke dogo chini ya kiganja chake, naye akajichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu.

Akamshika Raheli makwapani, akamng'oa pale alipolala. Raheli akapiga ukelele, wa kwanza tangu askari waje.

Mlango ukaingia giza. Shaaban alisimama hapo, akamwona mwanamke aliyepiga magoti, ameng'ang'ania jiwe la kusagia. Kisha akaona sakafu. Akageuka, akawaita wenzake.

Mwamvua akapenya katikati yao. Alipiga magoti, akamshika Raheli kiuno, wala hakumtazama mumewe. Loisi akatia mikono chini ya tumbo lililoning'inia. Nyuma yake fito zilivunjika, mtama ukamiminwa kwenye magunia, na mlio huo aliujua vizuri. Hakugeuka. Alisukuma, akangoja, akasukuma tena, mpaka kichwa kikateleza chini ya viganja vyake kikashika njia.

Mtoto alizaliwa jua likiwa bado lipo, wa kike, akilia kwa hasira. Askari walishatoka na magunia. Mwamvua alinawa mikono, akamfuata mumewe.

"Mama," Raheli alisema kwa sauti ndogo, "wamebakiza?"

Loisi alitazama. Shimo lilikuwa tupu mpaka chini.

"Wamebakiza. Lala."

Raheli akageuka, akalala ubavu wa kushoto, akamweka mtoto kwenye titi, akasinzia. Loisi akashuka shimoni, akaanza kuokota punje zilizonasa kwenye udongo, moja moja. Hazikujaa kiganja.