Viti vya Kijiji Kizima

Kijiji kilipokubaliana kupokea watalii, kazi iligawanywa. Mama Cherehani angewalaza, seremala na mkewe wangewalisha mchana, mfinyanzi angewafundisha kufinyanga, na kitakachopatikana kingekuwa cha wote. Mwenyekiti wa kikundi cha utalii alinuna. Nyumba yake ina vigae na bomba la ndani. Iweje wageni wa kwanza walale kwa mjane mwenye chumba kimoja cha ziada? Lakini kura ni kura.

"Haya, tujaribu," alisema, mdomo ameuvuta. "Wakilalamika tu, wanahamia kwangu, na kwako hawaji tena."

Maneno hayo yalimchoma Mama Cherehani kama sindano kidoleni, na sindano anazijua. Kusema kweli, si pesa zilizomhangaisha. Chumba kile kilikuwa cha binti yake, na tangu binti aolewe mbali, nyumba ilikuwa imenyamaza mno. Jioni nyingine alikanyaga cherehani bila kitambaa, apate tu kusikia kitu kinalia. Alitaka watu ndani. Alitaka kusikia mtu akikohoa upande wa pili wa ukuta, jamani, hata ugomvi!

Sasa, watu wa kijiji kile wana ugonjwa mmoja: wakishika kutoa, hawaulizani. Wageni walipokaribia, kila mmoja kwa siri yake alipeleka kwa Mama Cherehani kilicho kizuri nyumbani kwake. Seremala alibeba viti vyake vyote. Jirani yake naye akabeba vyake. Mfinyanzi akaleta kabati la vyombo, huyu pazia, yule saa ya ukutani, na mwingine, Mungu ampe heri, kioo kikubwa kuliko mlango. Likaja na kochi, limefunikwa shuka, likaachwa barazani bila mwenyewe kujitaja. Cherehani iliyokuwa chumbani ikafukuziwa jikoni kulipisha.

Wifi yake alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Wifi, hiki ni chumba au ni mnada?"

"Nyamaza wewe. Watu wa mjini wamezoea makubwa."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi nimeshasema."

"Umesema, tumesikia. Haya, shika upande huo wa kabati."

Wageni wakaja, mwalimu mstaafu na mkewe, watu wapole. Chumbani waliingia ubavu ubavu, vitu vilivyobanana. Asubuhi walishukuru kwa adabu, lakini Mama Cherehani alimwona mama wa watu anavyojikanda shingo, akanywea.

Mchana aliwapeleka kwa seremala. Chakula tayari, harufu inaita, meza imepigwa msasa hadi inang'aa. Wageni wakasimama. Wakaendelea kusimama. Seremala akageuka huku, akageuka kule, jasho likamtoka. Loo! Nyumba ya fundi wa viti haikuwa na kiti hata cha dawa!

"Mke wangu, viti viko wapi?"

"Unaniuliza mimi? Si ulivibeba kwa mikono yako hiyo!"

Wakakimbilia kwa jirani; naye alikuwa amekalia ndoo. Mwenyekiti, aliyekuja kukagua, akatikisa kichwa. "Nilisema mimi."

Mama Cherehani alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini akaona bora aseme. "Wageni wangu, viti vyote viko chumbani kwenu. Kabati si langu. Kioo si changu. Changu mle ni kitanda na stuli."

Mwalimu akamtazama mkewe, kisha akaangua kicheko hadi akashika meza. "Ndiyo maana! Usiku nimeamka nikamwamkia mzee mmoja, hajibu. Kumbe ni mimi kwenye kioo!"

"Na mimi sikugeuka hadi kunakucha," akasema mkewe. "Niliogopa kuvunja mali za watu. Twendeni tukavirudishe, chakula kisipoe."

Basi kijiji kizima kikatoka na mizigo kichwani, wageni wakiwa katikati. Kila kitu kilipata mwenyewe, isipokuwa kochi. Likakaa njiani, watu wanatazamana. Mwishowe Mwenyekiti akakohoa.

"Ni langu," alisema. "Mlitaka waseme kijiji hakina kochi?"

Watu walicheka mpaka naye akacheka. Hata hivyo alipolifikisha kwake hakuacha neno lake. "Wageni, kwangu nafasi ipo. Mnaweza kuhamia leo."

Mama Cherehani hakuthubutu kuinua macho.

"Kwanza," mke wa mwalimu akamuuliza, "ile cherehani jikoni ni ya nani?"

"Yangu. Mahali pake ni mle chumbani."

"Basi irudi mle. Mzee wangu kachana suruali kwa kubeba kabati."

"Tena mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," mwalimu akaongeza. "Mimi siku ya pili tu nimeshabebeshwa kochi. Mnihamishe wapi tena? Mimi ni mtu wa nyumba ile."

Asubuhi iliyofuata wifi alimkuta Mama Cherehani jikoni, ameinamia sufuria bila kuiona. Chumbani sauti mbili zilikuwa zimepanda: taulo bichi limeachwa juu ya stuli, na nani kaliacha.

"Maskini, wanagombana," wifi akanong'ona. "Nenda kawaamue."

"Waache," alisema Mama Cherehani, macho yamemjaa maji na meno yote nje. "Waache wagombane."

Chai ikafurika, wala hakuigusa.