Paa la Liberatus

Evarista alikuwa juu ya ngazi, misumari ameibana midomoni, karani wa mji alipoingia uani kwake Kihesa na futi kamba. Chini yake mumewe, Liberatus, alilala kwenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini, akikoholea kitambaa.

Daktari alikuwa amesema alale penye hewa, mbali na watoto. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja, watoto watano. Kwa hiyo mbele ya kibanda cha majembe, bustanini, Evarista akatengeneza baraza na kuiezeka mabati makuukuu.

"Kamwene, mama," karani Saulo alisema. "Kibanda cha majembe ruksa. Hii baraza je?"

"Ya mgonjwa."

Saulo akapima kutoka nguzo hadi mpakani. "Futi nne. Sheria inataka kumi. Na kibanda kikiwa na paa la kukaa watu, ni nyumba hiyo. Inataka kibali cha Boma."

Evarista na fundi Tadeo wakang'oa nguzo, wakasogeza baraza yote futi sita. Kisha akaenda Boma. Akaambiwa alete ramani. Akaipeleka. Akaambiwa alete hati ya kiwanja.

"Hati anatoa nani?" akamuuliza Saulo.

"Sisi."

"Basi nipe."

"Kihesa hatutoi, mama. Kule mnakaa kwa hisani tu."

"Bwana wako Mzungu ana baraza kama yangu bustanini. Tadeo ndiye aliyeijenga. Anamlaza nani pale?"

Saulo akatazama mlango wa ofisi ya ndani. "Anakunywa chai," alisema taratibu.

Alhamisi asubuhi, mwezi wa tatu 1956, Saulo alikuja na askari wawili.

"Vunja mwenyewe, mama, tusikuharibie mbao."

"Mimi sivunji. Vunjeni ninyi, na mgonjwa akiwa hapo hapo, awaone."

Wakavunja. Liberatus hakuwa na nguvu ya kuinuka. Manyunyu yalipoanza kumwangukia, Evarista akaokota bati moja chini, akaliinua kwa mikono miwili juu ya mumewe.

"Weka chini, mama. Hilo nalo ni paa."

"Andika basi. Andika nguzo ni mikono ya Evarista, haina kibali, na haishuki."

Askari wakatazamana. Saulo akafungua kitabu, akaandika bila kuinua macho. Maji yakamtiririka Evarista kwapani. Chini ya bati Liberatus alijiziba mdomo kwa blanketi, akijitahidi asikohoe mbele yao.