Mbuzi Hawavuki Kwenda Kichanga

Mimi sina subira na watu wanaopiga makofi kabla ya kufikiri. Siku ya mkutano wa kijiji, Mwenyekiti Ismaili alipotangaza kwamba mbuzi wote watahamishiwa Kichanga, makofi yalipigwa mpaka kuku wakatawanyika. Mimi nilikunja mikono.

Kwa kweli mbuzi walikuwa wametushinda. Kabla ya operesheni ya vijiji kila mtu aliishi kivyake, na mbuzi wa Shabani hawakujua muhogo wa Salumu uko wapi. Tulipokusanywa tukajenga nyumba bega kwa bega hapa karibu na mdomo wa Ruvuma, haikupita siku bila ugomvi. Sasa Mwenyekiti kapata dawa: kile kisiwa kidogo mbele yetu, ambacho maji yakipwa unakifikia kwa miguu juu ya fungu la mchanga. Majani yapo, muhogo haupo.

"Na membe je?" niliuliza.

"Membe gani, Bi Mwanahawa?"

"Ndege wanaotaga kule, chini mchangani. Msimu huu wa kusi wamelalia mayai. Mbuzi watakanyaga kila kitu. Na vijana wetu hutupa nyavu pale wanapoona membe wanajitosa. Ndege wakihama, tutakula ugali mkavu. Jengeni zizi, miti ipo."

Watu wakacheka. Mwenyekiti, mtu wa Mpapura huko bara, aliyekulia kwenye mikorosho, akasema kwa upole kwamba nguvu kazi ni ya shamba la kijiji, na ndege wana mabawa, watatafuta pengine. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Mtu haijui bahari, anaipangia matumizi!

Lakini mimi ni kungwi. Wasichana walikuwa tayari kuchezwa unyago, na mahali pa kuwaweka wari hao huchagua kungwi, si kamati. Nikasimamisha kibanda cha makuti pale pale njia ya Kichanga inapoanzia, nikakizungushia kamba mpaka njia yote ikawa ndani. Hapo mwanamume hakanyagi, awe mwenyekiti, awe askari. Mama wa mwari naye hasogei mpaka siku ya kutoka. Na nilihakikisha kila nyumba yenye mbuzi imetoa mwari. Nyumba ya Mwenyekiti ilimtoa Amina, binti yake wa pekee. Wanawake wengine wangeweza kupita, ila hakuna aliyekubali kuswaga mbuzi wa watu bure.

Sikumdanganya mtu. Unyago ulikuwa unyago, wari walifunzwa yote ya kufunzwa. Tulipopumzika tuliwatazama makinda ya Kichanga, yale ya kwanza kuanguliwa, yakikimbiakimbia ukingoni mwa maji.

Siku ya kutoka ikafika, makinda hayajaota manyoya ya kurukia. Nikaahirisha. Kina mama wakanung'unika, khanga za sherehe zimeshanunuliwa. Kamati ikaleta ujumbe: nikiendelea, unyago utapigwa marufuku kijijini na mimi nitapelekwa kwa katibu kata. Kazi hii niliirithi kwa mama yangu, sina nyingine. Niliogopa, sisemi uongo. Lakini sikuondoka.

Asubuhi moja Mwenyekiti akaja peke yake, akasimama kwenye kamba.

"Bi Mwanahawa, shule inafunguliwa. Nipe mwanangu."

"Simamisha zizi, mwanao atatoka."

"Unanitisha kwa mila?"

"Nawe wanitisha kwa kata. Tuko sawa."

Akaishika kamba. Niliona kabisa kwamba ataivuka, na akiivuka basi tena, maana mahali palipokanyagwa na mwanamume mmoja hapatazuia kijiji kizima na mbuzi wake. Nilisimama tu mbele yake.

"Baba, bado hawajaruka."

Sauti ilitoka kibandani. Mwari hasemi na mwanamume, seuze baba yake, na kila mtu hapa anajua hivyo, hata huyo wa Mpapura. Amina akasema tena, "Bado kidogo tu, baba."

Ismaili akaiachia kamba. Mwezi mzima hakuwa ameisikia sauti ya mtoto wake. Akatazama Kichanga, nadhani kwa mara ya kwanza tangu ahamie.

"Ni wale wadogo wanaokimbia?" aliniuliza.

"Ndio hao."

Akageuka, akaenda zake. Kabla ya adhuhuri nikasikia mashoka nyuma ya kijiji, na wanawake waliotuletea chakula wakasema Mwenyekiti mwenyewe amevua shati, anakata miti ya zizi pamoja na kina Shabani.

Nikaingia kibandani. Amina alikuwa amejiinamia, anangoja adhabu, kwa sababu mwari anayevunja mwiko huadhibiwa mbele ya wenzake. Wari wote walinikodolea macho. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

"Sogea hapa," nilimwambia. "Ukishatoka, kila jioni ukirudi shule utakuja nyumbani kwangu. Nitakufundisha ukungwi."