Chupa za Langoni

Kila Jumamosi asubuhi mshona mapazia alikwenda na kikapu chake kwenye soko la mboga, na kama wageni wote wa nchi ile, aliiacha sauti yake langoni. Alipuliza ndani ya chupa, bawabu akaiziba na kubandika karatasi iliyoandikwa "Mgeni". Wenyeji walisema wageni hubishana bei mno. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Hawakusema aje na mdomo. Nchini kwake angebonyeza kila nyanya na kuitia kasoro mpaka muuzaji asalimu amri. Huku alinunua kwa kidole, akapokea alichopewa.

Jumamosi hiyo alikuwa na haraka. Mama yake angepasuliwa moyo Jumatatu, na alishaapa kwamba haingii chumba cha upasuaji kabla ya kumsikia bintiye. Bawabu akampa chupa. Akainywa bila kuitazama, akakimbilia nyumbani kupiga simu. Ikamtoka sauti ya mzee mwenye kikohozi.

"Nani wewe?" mama akauliza.

"Ni mimi, mama. Chiriku wako."

Jina hilo la utotoni halikujulikana nje ya nyumba yao.

"Umemfanya nini mwanangu," mama akasema taratibu, "mpaka akakutajia jina hilo?"

Simu ikakatwa. Mshonaji alirudi mbio langoni. Bawabu hakuona ajabu: chupa zote zilishachukuliwa, na kwani mgeni na mgeni wana tofauti gani? Angoje, huenda aliyeichukua angeirudisha. Mshonaji akamwandikia kaka yake ujumbe mrefu. Kaka akajibu kwamba hawasomi maandishi ya mtekaji.

Jumatatu kaka alipiga mwenyewe. Mama alikuwa amekataa kulala kwenye machela mpaka azungumze na yule mzee.

"Mzee mwenzangu," mama akasema, "unataka nini ili umwachie?"

Mshonaji alishika simu kwa mikono miwili. Ukweli alishausema, na ulikuwa umemtisha mama kuliko uongo wowote.

"Nataka uingie ukatibiwe," akasema, akakohoa. "Ukitoka mzima, nitamrudisha."

"Unaapa?"

"Naapa."

Magurudumu ya machela yalisikika yakisogea.

"Basi mfunike shingo," mama akasema. "Yule akipigwa na baridi, sauti humkauka kabisa."

"Nitamfunika," akajibu.